Mafundi na wauza vifaa vya umeme, nani kawaambia choki ni ya kuwashia taa tu??

Wakuu habari za jioni, leo nimechoka kunyamaza. Nina karakana ya mbao hapa Mafinga, uwanjani kuna taa za sodiamu za wati 150 za ulinzi, maana mbao zikilala gizani asubuhi huzikuti. Choki moja (lile koili la kwenye chuma linalofungwa kabla ya balbu) ikaungua, naenda dukani naomba ya 150, jamaa ananipa ya 250 eti "chukua hiyo boss, kubwa ndo inadumu". Fundi wangu pembeni anaitikia tu. Taa ikawaka kweli tena kali kuliko zenzake, afu haikupita muda ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe, kale kamrija ka ndani ncha zote nyeusi tii, ikafa.

Jamani choki sio waya kwamba ukichukua nene ndo usalama! Choki ndo inayoipimia taa umeme. Balbu ya sodiamu ya 150 inataka kama ampea 1.8, choki ya 250 imesukwa kwa ajili ya taa inayokula kama ampea 3, sasa hiyo balbu itapona vipi? Balbu za zamani za waya zilikuwa zinajizuia zenyewe, waya ukipata moto ukinzani unapanda. Taa za gesi kama hizi za sodiamu ni kinyume kabisa, umeme ukishapata njia ndani ya gesi njia inazidi kufunguka, unapita mwingi zaidi, inafunguka tena, ni lori linashuka mlima Kitonga halina breki. Choki ndo breki yake. Na ni koili kwenye chuma makusudi, kwa sababu umeme wetu unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde na koili inabishana na kule kugeuka geuka, inabana umeme bila kuugeuza wote kuwa joto kama ambavyo rezista ingefanya.

Nikaita fundi mwingine, huyu ndo balaa. Yeye anasema choki ni ya kuwashia, taa ikishawaka haina kazi, kwahiyo tuiruke tubaki na ignita, kile kidude cha kupiga volti kubwa za kuwashia. Mimi nahudumia mteja huku, yeye kaunga moja kwa moja kaweka swichi. Mwanga mmoja mkali, paa! balbu imepasuka, breka imeshuka, vioo vya moto vimemwagika kwenye maranda makavu. Moshi ukaanza pale pale, vijana wakakimbia na ndoo. Kiangazi hiki, na upepo wa huku mnaujua, ningekuwa nawaandikia nini saa hizi?

Inayowasha ni IGNITA, ikishapiga zile volti zake kubwa na taa ikashika inapumzika. Choki inabaki kazini usiku kucha. Hata tyubulaiti zenu za ndani hivyo hivyo, stata (kile kidude cha kuwashia tyubu) ukiitoa taa ikiwa imewaka inaendelea, choki ukiiruka umeua tyubu. Fundi umeme hujui hili unapanda nguzoni kufanya nini?

Na nyie wa maduka, lebo imeandikwa wati na ampea, isomeni kabla hamjamshauri mtu. Kama huna ya 150 sema sina, mteja aende kwingine.

Mwenye kujua wapi Iringa, Makambako au Mbeya mjini wanauza choki ya sodiamu 150 ya koili ya shaba, aweke hapa picha ya lebo na bei.