Manowari zikija kuwinda nyambizi: Mkondo wa Pemba uwe na masharti au uachwe wazi?

Mwana wa Nungwi:
Assalam alaykum ndugu zangu. Aprili 2025 India na Tanzania zilipoandaa pamoja zoezi la kijeshi la majini liitwalo AIKEYME, Dar es Salaam, barazani tulisema hayo ni ya maharamia tu. Lile kweli. Ila kinachoyanyima usingizi majeshi makubwa ya majini ni nyambizi ya dizeli, na siku yakitaka kuja kuifanyia mazoezi kwetu, tuwe tumeshaamua. Rai yangu: sonari ya kupiga mlio, yaani chombo cha kutafutia vitu chini ya maji kwa sauti, isiwashwe Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Pemba na bara.

Nyambizi hiyo wanaiogopa kwa ukimya wake. Nyambizi ya nyuklia ina pampu za kupoza tanuri zinazofanya kazi usiku na mchana. Ya dizeli huja karibu na uso wa maji, ikavuta hewa kwa bomba na kuchaji betri, halafu huzima injini na kwenda chini kwa mota ya umeme. Gotland, nyambizi ya dizeli ya Sweden, ilijengwa ikiwa pia na injini za Stirling zisizohitaji hewa ya nje, ikaweza kukaa chini kama wiki mbili. Mwaka 2005 Marekani iliikodi pamoja na mabaharia wake, ikawekwa San Diego. Kwenye mazoezi ikazipenya meli zilizoilinda USS Ronald Reagan, manowari yao ya kubeba ndege. Walikaa nayo miaka miwili wakijifunza kuitafuta.

Sasa njoo kwetu. Tumbukiza kichwa penye miamba Nungwi, utasikia pa-pa-pa kama bisi zinazokaangwa: ni kamba wadogo wanaofyatua magando. Sauti ya mota ya umeme inapotea humo. Anayesikiliza tu haipati, basi hupiga mlio wake mwenyewe akangoja mwangwi. Mlio huo ndio ninaouogopa. Mwaka 2002 nyangumi wa kina kirefu walikwama Visiwa vya Kanari wakati wa mazoezi ya kijeshi. 2004 Hispania ikapiga marufuku sonari za aina hiyo kuvizunguka visiwa vile.

Nanyi mnakumbuka Aprili 2006, mamia ya pomboo walipokufa ufukweni kwetu. Sonari ilitajwa, chanzo hakikuthibitishwa, nami sisemi ndiyo. Nilikuwa na miaka 16. Mmoja tulimsukuma mpaka maji yakatufika kifuani, akageuka akarudi mchangani. Ngozi yake ilikuwa laini kama mpira wa ndani wa baiskeli, na jua lilishaanza kuikausha.

Nahodha wa Mkoani:
Mdogo wangu, uchungu wako naujua, lakini bahari ina wenye nia mbaya. Mwaka 2010 meli ya kivita ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika vipande viwili, wakafa mabaharia 46. Wachunguzi walisema ni torpido, kombora la chini ya maji, ya nyambizi ya Korea Kaskazini, wenyewe wakakana. Mwaka 1982 San Luis ya Argentina, nyambizi moja tu ya dizeli, iliwahangaisha Waingereza kwenye vita vya visiwa vya Falklands wasiipate. Ujuzi huo haupatikani darasani, unataka maji yenyewe, yenye joto juu na baridi chini, sauti inapopinda. Na ulinzi ni jambo la Muungano. Sisi visiwani tutaweka masharti kwa mamlaka gani?

Binti Wete:
Kaka Nahodha, ulinzi ni wa Muungano, lakini uvuvi si wa Muungano, na pomboo na jodari hawasomi katiba. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaitaka nyambizi ya kigeni ndani ya maili 12 ipite juu, ionyeshe bendera, na zoezi la silaha humo halihesabiwi kuwa kupita kwa amani. Basi ndani ya mstari huo wanahitaji ruhusa, na ruhusa huandikwa na masharti yake. Nje ya maili 12 mataifa yenyewe yanabishana. Swali langu kwa Mwana wa Nungwi: atajuaje mtu kama sonari imewashwa?

Mwana wa Nungwi:
Dada, umegusa penyewe. Vizamishwe vinasa sauti chini ya maji, kimoja Nungwi, kimoja upande wa magharibi wa Pemba, na kila diko lipewe taarifa kabla ya zoezi. Nahodha, afanye mazoezi anayetaka, aende mashariki kwenye bahari kuu. Likitokea tena la 2006, tutakuwa na sauti za usiku ule za kuwapa wataalamu. Mwaka ule sisi watu wa diko tulikuwa na mizoga tu.