Mjadala: Mtafiti wa tabianchi na uoto apandishwe cheo kwa idadi ya kunukuliwa?

Mpimamiti
Wadau, naweka hoja mezani. Kamati ikitaka kumpima mtafiti wa fani yetu, inafungua ukurasa wake wa Google Scholar, mtambo unaohesabu marejeo ya kitaaluma, inasoma jumla ya kunukuliwa na kipimo cha h (una h fulani ukiwa na makala h ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h), kazi imeisha. Nasema tuache. Ramani ya kanda za tabianchi ya Köppen-Geiger ya Beck na wenzake (2018) inanukuliwa na kila anayetaka kuandika sentensi moja tu, kwamba eneo lake la utafiti ni "Aw", yaani savana ya kitropiki. Ripoti ya NAFORMA, tathmini ya taifa ya misitu, ya 2015 ilitupa hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na imetokana na watu kuzungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, mti baada ya mti. Aliyeshika utepe ule hana h.

Takwimu
Mkuu, napinga. Ukiondoa namba, kinachobaki ni nani anamjua nani, na hapo wanaoumia kwanza ni vijana wasio na mtu wa kuwasemea. Kipimo cha h alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 yeyote anaweza kukihakiki. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 90, 40, 22, 9, 6, 5, 2. Ya tano ina 6, imepita. Ya sita ina 5, haikufika. Basi h ni 5.

Mpimamiti
Sasa chukua mwenye makala tano, kila moja mara 6. Naye ni 5. Na huyo wako, ile ya 90 ikipanda hadi 4,000, bado ni 5. Kanuni kuhakikika hakumaanishi kwamba inapima tunachokitaka.

Uoto wa Mbali
Mnabishana kuhusu kanuni, ila uharibifu mwingi unatokea kabla ya hesabu. Tazameni NDVI, kielezo cha ukijani: chukua mwanga wa infraredi ya karibu ulioakisiwa na mimea, toa mwekundu, gawa kwa jumla ya yote mawili. Infraredi ikiwa 0.5 na mwekundu 0.1, unapata 0.67, uoto mzito. Rouse na wenzake waliieleza kwenye mkutano wa Desemba 1973, kitabu cha mkutano kikatoka 1974. Mpaka leo wengine wanaandika 1973, wengine 1974, na hifadhidata inaweza kuzihesabu kama kazi mbili. Tucker akaichambua kwa kina mwaka 1979. Leo wako wengi wanaokokotoa NDVI bila kumtaja yeyote, kwa kuwa imeshakuwa maarifa ya kila mtu. Kazi ikifanikiwa kiasi hicho, inaanza kupoteza marejeo.

Hifadhidata nazo hazifanani. Google Scholar inabeba hata tasnifu na ripoti, Scopus, hifadhidata ya kulipia, ina majarida yaliyochujwa, kwa hiyo mtu mmoja ana h mbili tofauti siku ileile. Kulinganisha ya huyu kutoka hapa na ya yule kutoka kule ni kosa, na linafanyika.

Mimi ningeitaka kamati itumie hifadhidata moja kwa waombaji wote, ithibitishe kila mtu kwa namba yake ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti, ili kina Juma wawili wasiunganishwe, na iondoe kujinukuu (Scopus ina kitufe cha hilo). Kisha mwombaji alete makala tano alizozichagua mwenyewe, na kwa kila moja aeleze alifanya nini: alibuni, alipima, alichambua, au alitia jina. Makala za uoto zenye waandishi hamsini ni za kawaida sasa. Zile tano zisomwe. Manifesto ya Leiden ya 2015, kuhusu matumizi ya vipimo vya utafiti, imeliweka hilo kuwa kanuni ya kwanza: namba zisaidie hukumu ya wajuzi, zisikalie kiti chake.

Takwimu
Kwa masharti hayo nakubali, mradi namba zibaki mezani. Msomaji naye ana upendeleo wake.

Mpimamiti
Nami nalegeza: zibaki, ila zisiwe mlango wa kwanza. Lakini mpimaji wa miti bado yuko nje. Hana makala tano.

Uoto wa Mbali
Aingie kwa data. Weka vipimo vya viwanja vya miti kwenye Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni, upate DOI (namba ya kudumu ya utambulisho) bila malipo, majina ya wapimaji yakiwa kwenye orodha ya waandishi, na juu ya faili sentensi inayosema data inukuliwe vipi. Mtumiaji akibandika kiungo katikati ya maandishi bila kukiweka kwenye orodha ya marejeo, mara nyingi hakihesabiwi. Na safu zikamilike: tarehe, viwianishi, jina la spishi, kipenyo, na urefu wa pale shina lilipopimwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mti wenye mizizi iliyopanuka kama mbawa, ukipimwa juu ya mbawa awamu ya kwanza na kwenye mita 1.3 awamu ya pili, utaonekana umenenepa ghafla. Mtumiaji makini akikuta hivyo ataiacha data yote, hata kunukuu hatanukuu.