Mafuta ya bakuchi yamenitoa malengelenge, niendelee au niache?

Kipepeo: Wakuu, naombeni ushauri. Nasoma Pune, India. Nina mbalanga mikononi na shingoni. Mzee wa duka la Ayurveda, dawa za asili za Kihindi, kanipa mafuta ya bakuchi, nipake niote jua. Wiki ya tatu sasa, mabaka mekundu, mengine yana malengelenge.

Kokoto: Pole dada. Shemeji yangu alioga mwarobaini, upele kwisha. Mnadharau miti ya kwetu.

Bi Ukwaju: Huo mwarobaini nao asili yake India, Kokoto. Mwanangu, jua unaota saa ngapi?

Kipepeo: Saa sita mchana, kama dakika arobaini. Juu ya paa la hosteli.

Nesi wa Zamu: Umejichoma. Mbegu za bakuchi zina soraleni, inayofanya ngozi iungue upesi juani. Hospitali huitumia soraleni pamoja na taa ya UVA, miale kama ile ya jua, lakini kwa kipimo. Hayo mafuta kipimo chake nani anakijua? Unakunywa pia?

Kipepeo: Napaka.

Nesi wa Zamu: Nimeuliza kunywa.

Kipepeo: Unga wake kijiko kimoja asubuhi na maziwa. Lakini ni mbegu tu, si kemikali! Halafu nimeshalipia ya miezi mitatu. Desemba naletewa posa Tanga, nitakaaje mbele ya wakwe na shingo hii?

Bi Ukwaju: Atakayekimbia shingo leo, ukizaa atakimbia tumbo. Mimi wa kwangu alinikuta na kovu la moto usoni, mwaka wa 31 huu bado ananipikia chai.

Nahodha Mstaafu: Ngojeni kwanza. Machi huyu alikuwa Guangzhou anafunga mizigo ya viatu, akisifia mbegu hizi hizi kwa jina la Kichina, buguzhi. Leo mwanafunzi Pune. Kesho anashusha namba ya kuuzia.

Kipepeo: Guangzhou ni kaka. Akaunti tunatumia wote.

Kokoto: Sasa posa inaletwa kwa nani, wewe au kaka? 😂

Nesi wa Zamu: Awe yeyote. Kuna watu wamekunywa bakuchi ini likaumia. Mkojo una rangi gani?

Kipepeo: Kama chai ya rangi. Nilidhani ni joto.

Nesi wa Zamu: Acha vyote leo. Asubuhi kapime ini, na kopo la unga ubebe.

Kipepeo: Na hela yangu?

Mgeni88: Samahani, hayo mafuta bei gani?