Naomba ushauri: tunataka kuwachangia watoto wenye ulemavu walioathiriwa na vita Bukavu

Mama Kigamboni:
Habari za jioni wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Dar, na baadhi yetu ni wazaliwa wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, simu za nyumbani zinatuumiza roho. Kuna watoto waliokatwa miguu kwa risasi na mabomu, na kuna waliozaliwa na ulemavu ambao vita imewakatizia matibabu. Tumekubaliana kuchangia Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu huko Bukavu.

Tumekusanya viti mwendo vilivyotumika, magongo na nguo, sasa tunatafuta lori. Mfadhili mmoja aliyeko Ubelgiji ameahidi kutuongezea fedha, ila anataka kwanza picha za watoto. Tunakwenda sawa?

Fundi Viungo:
Shikamoo mama. Nimesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, natengeneza miguu bandia. Naomba msitishe lori kwanza.

Kiti mwendo hupimwa kwa mwili wa mtumiaji. Mtoto akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, mgongo unapinda na vidonda vya kukalia vinamtoka. Kikiharibika, spea za kiti kutoka Ulaya atazipata wapi?

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtoto anakua. Mguu bandia wa mtu mzima unaweza kudumu miaka 3 hadi 5, wa mtoto tunabadilisha takriban kila miezi 6. Tena mfupa wa kigutu chake hukua haraka kuliko ngozi, unachoma, inabidi arudishwe kufanyiwa upasuaji. Aliyekatwa mguu akiwa na miaka 6, mpaka afikishe 18 piga hesabu ya miguu zaidi ya 20. Kwa hiyo mama, kidogo cha kila mwezi kitamfaa kuliko shehena ya mara moja. Nimeona watoto wamerudi kwenye gongo kwa sababu tu mguu wa kwanza uliwabana na wa pili haukuwa na mlipaji.

Mwana Kadutu:
Jambo mama. Miye niko Bukavu. Ya fundi ni kweli tupu, naongeza moja tu. Mzazi anatoka wilaya za nje ya mji kama Kalehe au Walungu, nauli ameikopa, na hapa mjini hana pa kulala. Mtoto anatakiwa afanye mazoezi ya kutembea, lakini mama anawaza wengine aliowaacha, anaondoka mapema. Mguu unabaki nyuma ya mlango. Lipieni nauli, chakula na malazi ya mama na mtoto. Huko ndiko kunakovuja. Msalaba Mwekundu wa kimataifa umekuwa ukisaidia karakana ya Heri Kwetu, na ile ya kituo kiitwacho Shirika la Umoja kule Goma, basi waulizeni wasimamizi pengo liko wapi kabla ya kununua kitu.

Fedha ni mtihani. Benki zilifungwa mji ulipochukuliwa, watu wakabaki na pesa za simu. Ongeeni na uongozi wa kituo wenyewe, msipitishie kwa mtu anayejiita mwakilishi.

Mama Kigamboni:
Marahaba fundi, asanteni sana wanangu. Na hili la picha? Mfadhili anasisitiza.

Bi Sheria:
Mkatalieni kwa upole, dada. Picha yenye sura, jina na kijiji cha mtoto inaweza kumfikia mwenye bunduki aliyemjeruhi. Na huyo mtoto atakuwa mtu mzima, kigutu chake kikiwa bado kinazunguka kwenye simu za watu asiowajua. Mpeni taarifa ya kituo: watoto wangapi wamepimwa, wangapi wamebadilishiwa miguu, na risiti. Asiporidhika na hayo, afadhali mpungukiwe.

Fundi Viungo:
Kuhusu viti, tafuteni fundi hapo Dar avipime, vitafaa watu wazima wa hapo hapo Dar. Magongo yanayorefushwa yawekeni, ila kagueni mpira wa chini. Ukilika, mtoto anateleza.