Poodle wangu ana ukungu machoni: ni uzee au mtoto wa jicho?

Mama Pili, Tanga
Wakuu, nina mbwa jike mdogo wa aina ya Poodle, ana miaka minane. Mboni zake zimeingia weupe kama tui la nazi, na umekuja haraka. Jioni anagonga kizingiti cha jikoni, kushuka ngazi hataki kabisa. Jirani anasema ni uzee, kanipa matone ya macho yaliyobaki ya mumewe. Nimtie?

Mkereketwa
Usimtie, dada. Baadhi ya matone ya binadamu yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho likiwa na kidonda juu, kidonda kinazidi kuchimbika. Tena mtoto wa jicho hayeyuki kwa matone, hata wakuuzie ya bei gani.

Mfuga Vijibwa
Pole sana, Mama Pili. Uzee nao huleta ukungu kwa mbwa wa miaka saba kwenda juu, lakini ule ni wa kijivu-buluu na mbwa anaendelea kuona vizuri. Weupe wa maziwa pamoja na kugongagonga vitu, hapo nahofia mtoto wa jicho. Poodle, Bichon Frise na Cocker Spaniel huurithi.

Ila hilo "haraka" ndilo linalonitia wasiwasi. Je, anakunywa maji kuliko zamani? Anakonda na huku anakula?

Mama Pili, Tanga
Bakuli la maji analimaliza kabla ya adhuhuri, na usiku anakojoa ndani, kitu ambacho hakuwa nacho. Mbavu nazishika kwa mkono.

Mfuga Vijibwa
Basi kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo, apimwe sukari kwenye damu na kwenye mkojo. Kwa mbwa mwenye kisukari, sukari ikizidi ndani ya lenzi ya jicho hugeuka sorbitoli, inavuta maji, lenzi inavimba na kuwa nyeupe, pengine kwa wiki chache tu. Wengi wao hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja hivi. Insulini haiondoi weupe huo, lakini inamwokoa yeye mwenyewe, na hilo ndilo la kwanza.

Upasuaji upo: lenzi husagwa kwa mawimbi ya sauti ikanyonywa. Sukari itulie kwanza, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ipimwe, kwa sababu Poodle wana ugonjwa wao mwingine wa retina. Hata usipomfanyia, mwambie daktari aangalie uvimbe na presha ya jicho. Likiwa jekundu au akilifumba kwa maumivu, usingoje kuche.

Mkojo wa asubuhi ukinge kwa kibakuli safi, uende nao.