Picha ya viraka ya Mwamba wa Bismarck: gundi ya pasi au kukunja kwa mkono?

viraka_kirumba: Habari wadau. Nina oda ya picha ya viraka ya ukutani: Mwamba wa Bismarck (yale mawe ya ziwani Mwanza), ziwa, mawingu ya jioni na ndege mnandi mmoja juu ya jiwe. Vitenge na khanga ninavyo. Nibandike vipande kwa gundi ya pasi (ile yenye karatasi, huyeyuka kwa joto) kisha nipitishe cherehani, au nikunje kingo na kushona kwa mkono? Nanunua vifaa leo jioni.

fundi_mabatini: Ukubwa gani? Itafuliwa au itaning'inia tu? Cherehani ina zigizaga? Bila hayo tutabahatisha.

bibi_sindano: Mkono, basi. Acha milimita 5 nje ya mstari, kona za kuingia ndani zikate vijino hadi karibu na mstari, halafu ingiza pindo kwa ncha ya sindano huku unashona. Uzi ufanane na kipande cha juu, si cha chini. Jiwe la mviringo linakubali kabisa.

fundi_mabatini: Jiwe sawa, shingo ya ndege je? Kitu chembamba chini ya sentimita 1 ukikikunja pande mbili kinakuwa kamba.

viraka_kirumba: Cherehani ni ya mguu, mstari tu. Kuhusu kufua, mteja hajasema.

pamba_tupu: Basi gundi iogope. Kazi moja ya ziwa ililetwa karakana kurekebishwa, ikawa haifai tena. Kitenge hakikufuliwa kwanza, kwa hiyo gundi ilishika wanga wa kiwandani, si nyuzi. Maji ya kwanza tu, kingo zikanyanyuka. Kitenge kikapungua, kitambaa cha chini hakikupungua, mawimbi yakavimba malengelenge. Mashua ilibandikwa juu ya mawimbi, mawimbi juu ya anga, zote na gundi nzima, ikawa ngumu kama kadibodi; sindano ikanasa gundi, uzi ukakatika kila hatua. Khanga nyekundu ya machweo ikachuja hadi kwenye jiwe.

Ukitaka gundi lazima: fua vitenge vyote, bandika gundi ukanda wa sentimita 1 pembeni tu na katikati uache wazi, kandamiza pasi bila kuiburuza, tumia sindano namba 90 na uifute gundi kila mara. Ukichora upande wa karatasi ya gundi, picha igeuze, la sivyo mnandi atatazama upande mwingine.

chumvi_siki: Khanga loweka kwenye chumvi na siki, rangi inakaa.

pamba_tupu: Haikai. Rangi iliyobaki juu ya nyuzi hutolewa kwa kufua mpaka maji yawe meupe. Kisha isugue kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichukua rangi, khanga hiyo iache nje ya picha.

chumvi_siki: Mama zetu wote walitumia chumvi.

pamba_tupu: Na walifua nguo za rangi peke yake.

fundi_mabatini: Rudini kwenye kazi. Kwa cherehani ya mstari kuna njia ya tatu: kitambaa cha gundi cha kola, chenye gundi upande mmoja. Laza uso wa kitenge juu ya upande wenye gundi, shona kuzunguka umbo lote kwa mshono mfupi, punguza kingo, chana kile cha kola katikati, geuza. Kingo zimejikunja zenyewe na gundi iko chini. Piga pasi mahali pake, shona ukingoni. Chukua chepesi, kile cha kola ngumu kitasimama kama ubao. Ila kwa shingo na miguu ya ndege hakigeuziki, hizo darizi kwa uzi.

bibi_sindano: Na katikati, kati ya picha na bitana ya nyuma, unaweka nini? Blanketi zito la mtumba litavuta picha nzima chini.

pamba_tupu: Jepesi linatosha. Bana kwa pini kila sentimita 10, anza kushona katikati kwenda nje. Bitana ikatwe kubwa kwa sentimita 5 kila upande, maana kazi hupungua.

bibi_sindano: Jepesi halionyeshi mabonde ya jiwe.

fundi_mabatini: Mabonde yanatoka kwenye rangi. Piga picha vitambaa kwa simu, iweke nyeusi na nyeupe. Vikifanana kijivu, jiwe litalala bapa hata uweke godoro.

chumvi_siki: Mnandi yupi lakini? Mkubwa ana kifua cheupe. Mdogo ni mweusi, jicho jekundu.

viraka_kirumba: Mteja alisema mnandi tu.

bibi_sindano: Weka mdogo. Jicho ni fundo moja la uzi mwekundu.

chumvi_siki: Kwa mbali nani ataliona? Weka mkubwa.