Tupeane uzoefu: kihenge (ghala la nafaka la asili) cha kwenu kilikuwaje, na kiliishia wapi?

Wakuu, salaam. Naishi Tabata ila asili yangu Dodoma. Wazee wanaondoka na maboma yanakatwa viwanja, hivyo mwenye kumbukumbu ya vihenge vya kwao aiweke hapa. Naanza mimi.

Kwa babu vilikuwa viwili, cha uwele na cha mtama. Kihenge kilisukwa kwa fito kama tenga kubwa, kikakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kikakalishwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visikifikie. Paa la nyasi halikufungwa. Bibi aliliinua upande mmoja kwa mti, akamtumbukiza mjukuu mwembamba ajaze ungo. Nimeingia humo mara nyingi. Makapi yanawasha shingo, na ukutani unaziona alama za vidole vya waliokandika. Uwele uliokauka vizuri ulikaa misimu kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana ukame wa mwaka mmoja haukututisha.

Mdau wa Mbagala: Mkuu, umenikumbusha mbali. Kwetu Tabora vihenge viliuawa na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulihifadhi mahindi na magunzi yake, na huko ndiko anakostawi, kwa kuwa punje zimeshikana na anapata pa kujikita akitoboa. Baba alifunua paa akakuta unga mtupu. Ubaya zaidi, anatoboa hata miti, kwa hiyo ukimaliza kutoa mahindi yeye anabaki kwenye fito akisubiri mavuno mengine. Mabwana shamba wakatuambia tupukuchue, tuchanganye na dawa ya unga, tutie kwenye magunia. Mahindi yakahamia chumbani kwa wazee. Watu husema vijana walizembea kujenga vihenge. Kwetu si kweli hata kidogo.

Mluguru wa Gongo la Mboto: Kwetu mlimani hatukuwa na cha nje. Mahindi yalikaa darini juu ya mafiga, moshi ukiyapiga kutwa. Makande yake yalikuwa na harufu ya moshi ambayo sijaipata kwenye mahindi ya Tandale.

Binti Singida: Cha kwetu kiliachwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Mama anasimulia kuwa gari lilipofika walipakia vyombo, ngozi na kuku. Kihenge hakibebeki. Babu akawa anarudi gizani kuchota mtama, debe moja moja, mpaka akakuta wengine wamemaliza. Kule kijijini hakujenga kingine. Alisema hajui kama hatahamishwa tena.

Mwanzisha mada: Binti Singida, pole sana kwa familia. Kama mama ana nguvu, mrekodi kwa simu, na umuulize nani alikuwa na ruhusa ya kuchota. Kwetu alikuwa bibi peke yake. Babu akitaka mtama wa pombe alimwomba, na mwezi wa njaa alinyimwa. Hilo naliona kubwa kuliko ujenzi wenyewe. Wa Usukumani mbona kimya? Vya kwenu nasikia vilikuwa vikubwa mno, tuelezeni mlivipandaje.